Masharubu ya Jenerali, Sehemu ya Tisa: Farasi Dume Mwenye Mimba

"Mwizi wa masharubu!"

"Mwizi mwenyewe! Na babu yako!"

"Babu yangu usimguse! Babu yangu alikuwa mtu wa heshima!"

"Ndiyo maana alikufa mapema, asikuone!"

Ewe msomaji wangu, kama gazeti la wiki jana ulishalifungia maandazi, usihangaike kulitafuta. Nitakueleza yote sasa hivi, hawa wawili wakiwa bado wanavuta pumzi.

Tuko uani, kwenye ile nyumba ya wapangaji ya mtaa wa Guerrero, Jiji la Meksiko, mchana wa Sikukuu ya Mishumaa. Huku amesimama Doña Eustolia Barragán, mjane, fundi wa midoli ya kale, aproni imejaa rangi, mikono inanuka lehemu. Kule amesimama Don Nicanor Zaldívar, jirani wa mlango unaotazamana na wake, mkusanyaji wa midoli ya bati, bahili ambaye hata salamu hukupa nusu. Mmoja ameshika kichwa cha farasi. Mwingine ameshika matako ya farasi.

Na juu ya farasi, kimya kama mume aliyekalishwa kati ya wake wenza, yuko Jenerali.

Jenerali ni wa bati. Ana koti la buluu, kofia yenye unyoya, na farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa umri anawazidi wapangaji wote wa nyumba hii. Kosa lake ni moja tu. Koti limefifia, mashavu yamepauka, macho yamebaki kama ya mtu aliyekesha matanga, lakini masharubu! Masharubu ni meusi tii, kama ya bwana harusi.

Aliyeyaona ni Don Fulgencio Arrieta, msemaji wa watu wa midoli kwenye soko la Jumapili la Lagunilla, asubuhi ya leo, Don Nicanor alipomchukua Jenerali wake kutoka kwa fundi, akamwita aje amringie. Don Fulgencio alivaa miwani, akavua miwani, akasema, "Huyu kapakwa rangi usoni." Na Don Nicanor, bila hata kumeza mate, akajibu, "Basi ni Eustolia. Kayaiba ya kale, kapaka yake."

Sasa elewa. Kwa watu wa midoli ya kale, mguu uliokatika unaungwa, bati lililobonyea linanyooshwa, kutu inakwanguliwa, na hakuna neno. Lakini uso hauguswi. Uso wa mdoli wa kale, hata ukibaki na jicho moja na nusu ya pua, haupakwi rangi kwa siri. Fundi anayefanya hivyo, Jumapili akifika sokoni atakuta mahali pake pamekaliwa, na hakuna atakayemwambia hata pole. Na Doña Eustolia hana kingine duniani. Marehemu mumewe alimwachia jina zuri, koleo, na ile nafasi ya Lagunilla. Jina likienda, nafasi inalifuata. Halafu hizo koleo akorogee nini, maharage?

Haya. Turudi uani kabla hawajauana.

"Don Fulgencio, sema wewe!" Don Nicanor alifoka. "Wewe ndiye shahidi!"

Don Fulgencio alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya tumbo, na tumbo lenyewe si haba. "Mimi nimekuja kusikiliza," akasema. "Lakini kusikiliza na njaa ni kazi ya punda. Hivi hii harufu ya tamali inatoka wapi?" Tamali, msomaji, ni unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke.

"Kwangu," Don Nicanor akajibu haraka. "Ni za watu wawili! Mimi na dada yangu!"

"Sufuria lile?" Sauti ilitoka ghorofani, nyuma ya kamba ya nguo. "Lile la kuogeshea ndama? Za watu wawili?"

Huyo ni Doña Chole wa chumba cha juu. Umbeya ungekuwa unalipa, leo angekuwa mwenye nyumba. Alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, blanketi begani, na nyuma yake majirani wengine wamejipanga kama wako sinema.

"Doña Eustolia," Don Fulgencio akasema, "farasi alifika kwako lini?"

"Mwezi uliopita, kesho yake baada ya mkate wa Wafalme. Kaniletea mguu wa mbele umeachia. Nikamuuliza kulikoni, akasema ni uzee."

"Ni uzee!" Don Nicanor akadakia.

"Nikalehemu mguu. Nikatoa kutu. Basi. Tazama hapa chini ya tumbo, karibu na mguu: iko nyota yangu. Kila ninapogusa nachora nyota, ili mwenye macho ajue. Marehemu alichora nyota, nami nachora nyota. Usoni kuna nyota?"

"Mwizi gani anaacha sahihi?" alisema Don Nicanor, na barazani watu wakacheka. Doña Eustolia alisikia kicheko kile kikimpita mgongoni kama maji baridi, maana walikuwa majirani zake, na walicheka.

"Jirani," Doña Chole aliita kutoka juu, "kabla ya hapo Jenerali wako alikuwa wapi?"

"Kabatini! Kabati langu la vioo lina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwangu. Nalala nao. Naoga nao."

"Kumbe unaoga?"

"Nyamaza, mama, hapa wanaongea watu!"

"Wako wapi hao watu? Mbona sisi tunakuona wewe tu?"

Doña Eustolia hakucheka. Alikuwa amefika pale ambapo mtu mpole huachia ulimi na kujuta baadaye. "Kusingizia ndiyo kazi yako, Nicanor," akasema. "Umezoea. Ulimsingizia yule mpiga tarumbeta, leo ni zamu yangu."

Uani pakanyamaza. Hata Doña Chole alinyamaza, jambo ambalo nyumba hii huliona siku ya Ijumaa Kuu pekee.

Kwa maana mlangoni kwa Don Nicanor, mwiko mkononi na mvuke wa jikoni mgongoni, alikuwa amesimama Doña Remigia, dada yake. Huyu mnamkumbuka. Ndiye aliyechumbiwa ujanani na mpiga tarumbeta wa uwanja wa Garibaldi, pete ikapotea humo humo ndani, Don Nicanor akaapa kwamba mchumba mwenyewe ndiye aliyeiba akauze anywee, na ndoa ikafa kabla ya padri kufungua kitabu. Tangu hapo anampikia kaka yake, na hasemi sana. Nyusi hana, alizinyoa zamani kwa ajili ya mtindo, zikagoma kurudi. Wanja anaojichorea umepotea tangu mwezi uliopita, kwa hiyo siku hizi uso wake ni kama yai lililoshtuka.

Alimtazama Doña Eustolia. Akamtazama kaka yake.

"Mmemsikia?" Don Nicanor alipaza sauti, ila safari hii ilikwaruza. "Ananitukana mbele ya dada yangu! Lete farasi wangu!"

"Simtoi mpaka jina langu lisafishwe!"

"Lete!"

"Sitoi!"

Don Nicanor akavuta. Doña Eustolia akavuta. Don Nicanor akashika mkia kwa mikono miwili, akavuta kwa hasira za bahili, na hasira za bahili zina nguvu sana kwa kuwa naye huziwekea akiba.

Pwa! Mkia ukang'oka.

Don Nicanor akaenda kinyumenyume hadi kwenye karo la kufulia, akaketi majini, mkia mkononi kama mtu anayefukuza nzi. Doña Eustolia akabaki na farasi na Jenerali. Na pale mkia ulipokuwa, pale pale adabu inaponizuia kupataja, kikachungulia kichwa. Kichwa cheupe. Kikasita kidogo, kama kinachojiuliza kama dunia hii inafaa. Kisha yakafuata mabega, tumbo, na miguu, na kitu chote kikadondoka kwenye kiganja cha Doña Eustolia.

Alikuwa mtoto.

"Yesu na Maria," akasema Don Fulgencio, akiinuka kwenye ndoo. "Farasi dume kazaa."

Hakuwa mtoto wa damu na nyama, usinipigie simu gazetini. Alikuwa mtoto wa kaure, urefu wa kidole gumba, uchi, macho ya buluu, mguu mmoja umemeguka. Na watu wote uani walimtambua papo hapo, kwa sababu mwezi mzima walikuwa wanamtafuta.

"Nipisheni! Nipisheni nimwone!" Doña Chole alishuka ngazi kwa mwendo ambao magoti yake yalishausahau. Akamnyakua mtoto, akamtazama mguu, akapiga ukelele. "Ni yeye! Mtoto wa mkate! Mtoto wa bibi yake Remigia!"

Mwezi uliopita, siku ya Wafalme, wale Mamajusi waliomfuata mtoto Yesu, ilikuwa zamu ya nyumba ya Zaldívar kuwaita majirani kula mkate. Mkate ule wa mduara una mtoto ndani yake, na yule ambaye kipande chake kina mtoto huwalisha wote tamali Sikukuu ya Mishumaa. Hiyo ni desturi, na hata askofu akimng'ata, askofu analisha. Waokaji siku hizi hutia watoto wa plastiki. Doña Remigia hakutaka plastiki. Alioka mwenyewe, akatia mtoto wa kaure wa bibi yake, mmoja tu. Mkate ukaliwa mpaka chembe, watu wakalamba na sahani, na mtoto hakuonekana. Likabaki jibu moja: mtu kammeza. Na aliyekula vipande vingi kuliko wote alikuwa Doña Chole.

"Mnakumbuka mlinifanya nini?" Doña Chole aliwageukia majirani. "Mkwe wangu alininywesha mafuta ya nyonyo! Mkakaa nje ya choo, wote nyinyi, mnangoja kama watu wanaongoja moshi wa Papa! Kila nikitoka mnaniuliza, 'Bado?' Bado! Kumbe yuko tumboni kwa farasi!"

"Tusamehe, mama," mmoja akasema barazani.

"Sisamehi mtu! Nilipungua mpaka sketi ikawa inanizunguka!"

Na hapo, msomaji, ungedhani mambo yamekwisha. Mtoto kapatikana kwa farasi wa nani? Wa Nicanor. Lakini mtu aliyekaa majini ana muda wa kufikiri. Don Nicanor aliinuka kutoka kwenye karo, suruali inachuruzika, kidole mbele.

"Ahaa! Mmeona? Eustolia alikuwepo kwenye mkate! Alikaa pale pale karibu na kisu. Kapata mtoto, kamficha kinywani, kaenda naye kwake. Kesho yake nampelekea farasi, yeye akaona ndilo kaburi. Farasi amelala kwa nani mwezi mzima? Kwangu? Mwizi wa masharubu, na tamali kazikwepa!"

Macho yaligeuka. Ungeweza kuyasikia yakigeuka.

Na ni kweli Doña Eustolia alikaa karibu na kisu. Alikula vipande viwili. Farasi alikuwa kwake.

"Doña Eustolia," Don Fulgencio akasema polepole, na safari hii hakuwa anawaza chakula, "hukusikia kitu tumboni kwa huyu farasi?"

"Nilisikia kinagonga. Nikadhani ni donge la lehemu ya zamani. Mdoli wa bati kama huyu, ukimfungua tumbo bila sababu unampasua. Na kilicho tumboni kwa mtu si changu."

"Hilo ni jibu zuri," Don Fulgencio akasema. "Shida yake, mwongo naye angelijibu hivyo hivyo."

Doña Eustolia aliiona Lagunilla mbele yake kama iko pale uani: yule bwana wa miwani ya mitumba kulia, yule wa santuri kushoto, na katikati, pale alipotandika kitambaa chake cha kijani tangu alipofiwa, anatandika mtu mwingine. Alitaka kumkabidhi Don Nicanor farasi wake, aingie ndani, afunge mlango, alie na koleo zake.

Akajaribu kuhamisha mkono. Mkono ukagoma. Kidole chake kimoja kilikuwa kimenata.

Akakitazama. Kutoka kwenye lile tundu la farasi hadi kwenye kidole chake kulikuwa na uzi, mwembamba, mweupe, unaovutika. Akaupeleka puani.

Mnanaa.

"Don Nicanor," akasema, "hebu tuoneshe shina la mkia."

Don Nicanor akaupeleka mkia mgongoni. "La nini?"

"Tuone tu."

Doña Chole hakungoja ruhusa. Alizunguka nyuma, akaupokonya mkia kama mtu anayepokonya mtoto kisu, akauinua juu watu wote waone. Kwenye shina, pale zamani palipokuwa na kizibo cha mti, palikuwa na bonge la kitu cheupe chenye alama za meno.

"Chingamu!" Doña Chole akapiga kelele. "Chingamu iliyotafunwa!"

Nani hajui? Tangu daktari amkataze tumbaku, Don Nicanor hutafuna chingamu ya mnanaa asubuhi, mchana na jioni. Hutafuna kanisani. Pasaka iliyopita padri alisimama na komunyo mkononi mpaka alipomaliza kutafuta pa kuitemea.

"Chingamu zinauzwa kila kona!" Don Nicanor alikuwa anarudi nyuma. "Hata Eustolia ana meno!"

"Meno ninayo," Doña Eustolia akasema, na sauti yake ikawa imerudi. "Basi tuyaulize masharubu."

Akalamba kidole gumba.

"Usimguse uso! Don Fulgencio, anamgusa uso!"

Don Fulgencio akavaa miwani. "Mguse."

Alipitisha kidole mara moja tu, taratibu, kama mama anayempangusa mwanawe maziwa mdomoni. Sharubu la kushoto likahama kwa Jenerali likaja kwenye kidole chake. Na chini ya lile sharubu palikuwa na mkwaruzo, bati tupu, linang'aa: mkwaruzo mpya wa mtu aliyeanguka kifudifudi.

"Rangi yangu haitoki kwa mate," akasema. "Hii si rangi."

Kidole kikazungushwa. Don Fulgencio akakinusa. "Kinanukia kama saluni," akasema.

Doña Remigia alikuwa ameshatoka mlangoni. Alivuka uani na mwiko wake, akakishika kile kidole gumba cha Doña Eustolia, akakisogeza karibu na macho. Kisha, mbele ya watu wote, akakipitisha juu ya jicho lake la kulia, pale nyusi inapokaa. Ikatokea nyusi. Nyusi yake kabisa, ile ambayo mtaa mzima unaijua.

"Nicanor," akasema. "Umempaka nyusi zangu."

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akiporomoka huku amesimama. Don Nicanor alifungua mdomo, chingamu ikaonekana, akafunga.

"Watu wote wale, Remigia!" ikamtoka. "Wanakula kama nzige! Huyu Chole peke yake ni sufuria zima! Nilimng'ata mtoto, jino likalia, nikajua ni yeye. Nikasema naenda kufunga dirisha. Nikamtoa Jenerali kabatini, kizibo cha mkia kikapasuka, nikamtia mtoto, nikaziba na nilichokuwa nacho. Mkono ukateleza. Akaanguka kwa uso."

"Na mguu?" Don Fulgencio akauliza.

"Na mguu."

"Uzee!" Doña Chole alipiga makofi. "Ni uzee, alisema! Mafuta ya nyonyo nayo ni uzee!"

Kicheko kilishuka kutoka barazani kama ndoo ya maji. Doña Eustolia alingoja kiishe. Alikuwa na swali, na hakutaka limezwe na kelele.

"Mwezi mzima nimekaa na farasi wako, sijakuomba hata kikombe cha sukari. Kwa nini mimi?"

Don Nicanor alitazama viatu vyake, vilivyojaa maji. "Don Fulgencio aliniuliza ghafla," akasema. "Jina lako ndilo lililokuwa karibu na ulimi."

Hakuna aliyecheka hapo.

Don Fulgencio alivua miwani, akaitia mfukoni. "Doña Eustolia, Jumapili kitambaa chako kinatandikwa pale pale. Na nitapita meza hadi meza kuyasema haya kwa mdomo wangu, maana yalishaanza kusemwa kwa midomo mingine. Ama wewe, Nicanor, desturi unaijua. Aliyemng'ata mtoto analisha."

"Leo?" Don Nicanor alipata uhai kidogo. "Leo haiwezekani! Tamali za watu wote hawa zitatoka wapi saa hizi?"

"Zipo," Doña Remigia akasema. "Zinaiva tangu alfajiri. Za pilipili, za kuku, na za zabibu kwa wasiokuwa na meno."

Kaka yake alimkodolea macho.

"La mtoto nililijua," akasema. "Nilikuona ukitafuna, ukasimama ghafla kama punda aliyeona nyoka. Nikasema nitapika, nione kama aibu itakufikia kabla ya harufu. La masharubu sikulijua. Ningelijua, Doña Eustolia asingalisimama hapa na jua lote hili."

Na sikuhadithii vurugu iliyofuata. Ngazi zilinguruma. Watu walitoka na sahani zao, na viti vyao, na shangazi zao waliokuwa wagonjwa jana. Doña Chole alikuwa wa kwanza mlangoni, mtoto wa kaure mkononi, akitangaza kwamba leo anakula mpaka arudishe kila kilichomtoka. Don Fulgencio alikuwa wa pili, na kwa mtu wa umbo lake haikuwa kazi ndogo.

Doña Eustolia alibaki uani. Fundi ni fundi. Hawezi kumrudisha farasi kwa mwenyewe akiwa hana mkia, hata kama mwenyewe hastahili punda. Alikwangua chingamu kwa ukucha, akafunga shina kwa uzi alioutoa kwenye aproni, akamwinamisha farasi kichwa chini ili auchomeke mkia vizuri.

Ndani ya farasi kitu kikalia.

Aliganda. Mtoto ameshatoka. Na hii haikuwa sauti ya kaure. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ilibingirika: ilitoka kwenye matako ya farasi, ikateremka tumboni, ikapita shingoni, ikagota puani. Ting. Akamwinamisha upande wa pili. Ikarudi, ikizunguka, kama kitu cha mviringo kinachotafuta njia ya kutokea.

Jikoni kelele zilikuwa zimepamba moto. Walioisikia sauti ile walikuwa watatu tu.

"Nirudishie farasi wangu, Eustolia," Don Nicanor akasema. Hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko wa Jenerali. "Nirudishie hivyo hivyo, bila mkia. Nitakupa bendi yangu ya vijiaskari vya madini ya risasi. Yote. Na yule mdoli wangu mpiga baragumu, niliyemnunua Puebla."

Mtu huyu hajawahi kumpa jirani hata moto wa kuwashia jiko. Doña Eustolia alimtazama, na maneno ya marehemu mumewe yakamjia, aliyoyasema kila walipokuta vitu vya ajabu ndani ya midoli ya watu: anayeficha mara ya pili hurudi pale pale alipofichia mara ya kwanza.

Akainua macho.

Doña Remigia alikuwa amesimama kizingitini, na nyusi yake moja. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama farasi. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kinasugua kidole cha pete, taratibu, huku na huku, pale ambapo kwa miaka yote hii hapajakaa kitu. Kisha akaufuta mkono kwenye aproni, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Doña Eustolia," akasema, "ingia ule. Nimekuwekea kiti karibu yangu."

"Asante, jirani. Lakini nimekuja mikono mitupu, sina hata mkate wa kuleta."

"Mikono yako si mitupu," Doña Remigia akasema. "Njoo na farasi."